Nilivyowafundisha wahudumu wa afya kuchunguza mlipuko wa ugonjwa kwa karatasi za rangi ukutani

Tangu nianze kufundisha epidemiolojia ya uwandani, yaani kuchunguza magonjwa kulekule yanakotokea, ushauri ninaopewa kuliko wote ni huu: "Waanzishie takwimu, uwanda watauzoea wenyewe." Unaniudhi. Awamu ya kwanza niliyofundisha, ratiba ilipangwa na wakubwa kwa mtindo huohuo: slaidi asubuhi, slaidi mchana. Mwishoni wauguzi, maafisa afya na wataalamu wa maabara walikuwa wanaeleza vizuri maana ya uwezekano wa kitakwimu, lakini ukiwapa rejista ya wagonjwa wa kuhara na kuwaambia watengeneze orodha ya wagonjwa, wanakuuliza fomu iko wapi. Hawakuwa wazito wa kuelewa. Walifundishwa kinyumenyume.

Alexander Langmuir, aliyeanzisha kikosi cha wachunguzi wa milipuko Marekani mwaka 1951, aliwatoa vijana wake darasani upesi na kuwatupa kwenye milipuko yenyewe. Nembo ya kikosi hicho ni soli ya kiatu iliyotoboka. Mafunzo ya ngazi ya awali ya siku hizi, yale ya miezi 3 hivi, yamejengwa juu ya wazo hilohilo: siku chache darasani, kisha mshiriki anarudi kituoni kwake kufanya kazi halisi huku msimamizi akimfuata. Kwa hiyo awamu iliyofuata niliomba ratiba niipange mwenyewe. Nikanyimwa projekta, na hapo ndipo mambo yaliponinyookea.

Nilichukua mlipuko maarufu wa Oswego, jimbo la New York, wa Aprili 1940. Watu walikula chakula cha jioni kanisani, usiku wakaanza kutapika na kuhara. Waliohojiwa walikuwa 75, walougua 46. Wakufunzi wengi hugawa jedwali zima la majibu. Mimi nililificha. Kila mgonjwa nilimwandika kwenye kipande cha karatasi ya rangi, nikawapa wenzangu waigize wagonjwa kwa sharti moja: jibu ulichoulizwa tu. Usipoulizwa ulikula saa ngapi, usiseme. Gharama yake ilikuwa karatasi, gundi na kalamu za wino mzito, vitu ambavyo karibu kila ofisi inavyo.

Wakabandika vipande ukutani, kila kipande kwenye saa ambayo mgonjwa alianza kuumwa. Grafu ya mlipuko ikajijenga mbele ya macho yao: wagonjwa wamelundikana usiku. Kipande kimoja tu kikabaki peke yake upande wa kushoto kabisa, saa 9 alasiri, kabla hata chakula cha jioni hakijaandaliwa mezani.

"Mwalimu, huyu ameandikwa vibaya, tumtoe," akasema afisa afya mmoja. Darasa zima likakubaliana naye. Nikanyamaza. Muuguzi mmoja akakataa. Akamrudia aliyemwigiza yule mgonjwa, ambaye alikuwa mtoto, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Siku hiyo ulikula nini, na saa ngapi?" Jibu: aisikrimu ya wanila, saa 5 asubuhi. Aisikrimu ile ilianza kutengenezwa tangu jana yake. Darasa lililipuka kwa kelele! Mgonjwa waliyetaka kumfuta ndiye aliyewaonyesha chakula chenye sumu, na ndiye aliyewapa pia muda tangu kula hadi kuumwa: saa 4. Muda mfupi namna hiyo unaelekeza kwenye sumu ya bakteria wa stafilokoka iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula.

Hata hivyo wengine waliing'ang'ania nyama ya nguruwe, kwa kuwa wagonjwa 29 kati ya 46 waliila. Nikawauliza: na wazima je? Hakuna aliyekuwa amewahoji. Walipowahoji wakakuta wazima 17 kati ya 29 nao waliila, hesabu inayokaribiana sana na ya wagonjwa. Nyama ikaachiwa huru. Kwa wanila, walioila walikuwa 54 na 43 kati yao wakaugua. Wasioila walikuwa 21 na 3 tu ndio walougua. Hapo ndipo nikafundisha kiwango cha kuugua (sehemu ya watu walougua katika kundi) na uwiano wa hatari (kiwango cha walioila kikigawanywa kwa cha wasioila), na hakuna aliyesinzia. Ukitaka wabishane mpaka jioni, waachie aisikrimu ya chokoleti: walioila waliugua kidogo kuliko wasioila. Usiwape jibu haraka. Waache wagundue wenyewe kwamba wasiochukua wanila, wengi wao walikula chokoleti.

Kazi ya kituoni ndiyo ndefu, na haina mengi ya kusimulia: rejista zisizo na umri wala kijiji, taarifa za wiki zinazochelewa. Msimamizi aende kwa mguu wake, asitume ujumbe wa simu. Fasili ya mgonjwa, yaani nani ahesabiwe kuwa mgonjwa, waiandike kabla ya kuhesabu mtu yeyote, tena iwe na dalili, mahali na muda. Sampuli zichukuliwe kabla dawa haijaanza, pale ambapo kusubiri hakumhatarishi mgonjwa.

Siku hizi napimia washiriki wangu lengo la 7-1-7: mlipuko ugunduliwe ndani ya siku 7 tangu uanze, taarifa ifike kwa mamlaka ya afya ndani ya siku 1, hatua za mwanzo zikamilike ndani ya siku 7. Yule muuguzi aliyekataa kipande kisitolewe alinipigia simu baadaye: watoto wawili wana homa na vipele. Nilipoanza kumwelekeza akanikatiza kwa adabu. Orodha alikuwa ameshaianza, damu ilikuwa imeshachukuliwa, wilaya imeshajulishwa, na kesho yake asubuhi alikuwa anakwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta wengine. Alichotaka kwangu ni mtu wa kumshikia zamu.

Nilimtafutia.