Nilivyopanga majina ya safu za takwimu za dagaa kwa R

Napokea takwimu za mavuno kutoka mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma. Nyingi huja wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika kwa kuwa taa zao hazivuti samaki kama kwenye giza. Samaki ni wale wale, lakini vichwa vya safu kila karani ana vyake: huyu kaandika “Dagaa (kg)”, yule “KILO DAGAA”, mwingine “uzito wa dagaa”. Kwa R, lugha ya kompyuta ninayochambulia takwimu, hayo ni majina matatu yasiyohusiana.

Kubadili majina ya safu za jedwali d, wengi huanza na names(d) <- c("tarehe", "dagaa_kg", "migebuka_kg"). Ni fupi, ila inafuata nafasi ya safu, haiangalii jina lake. Karani akitanguliza safu ya migebuka (samaki wengine wa ziwa hilo), kilo za migebuka zitaitwa dagaa na R haitasema neno. Kwa takwimu zinazohusu riziki za watu wa ziwani, mimi njia hiyo siitumii. rename() ya dplyr, kifurushi (mkusanyo wa amri za ziada) cha R, ni salama zaidi, maana unataja jina la zamani; jipya hukaa kushoto, la zamani kulia. Faili likiwa moja, inatosha.

Mimi nina mafaili mengi, kwa hiyo nilitengeneza kamusi: faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lenye safu mbili, zamani na mpya. Kila namna ya uandishi ina mstari wake, kwa herufi ndogo. Kisha, kwa kifurushi cha data.table, nasoma faili la karani, nageuza majina kuwa herufi ndogo, halafu nayabadili kwa kamusi:

d <- fread(faili)
setnames(d, trimws(tolower(names(d))))
setnames(d, kamusi$zamani, kamusi$mpya, skip_absent = TRUE)

setnames() hubadili jina pale pale bila kunakili jedwali, jambo zuri kwa kompyuta yenye kumbukumbu ndogo. Bila skip_absent ingegoma kila inapokosa jina mojawapo la kamusi. Natumia fread() kwa sababu read.csv(), amri ya kawaida ya R ya kusoma faili, usipoizuia kwa check.names = FALSE, hugeuza “Dagaa (kg)” kuwa “Dagaa..kg.”, na kamusi hailitambui tena.

Baada ya hapo naangalia anyDuplicated(names(d)), ijibu sifuri, yaani hakuna jina lililojirudia, halafu setdiff(names(d), kamusi$mpya), inayonionyesha majina mageni. Jina geni likijitokeza sikimbilii kuliongeza. Nampigia karani kwanza nimuulize alipima dagaa wabichi au wakavu, maana hizo ni safu mbili tofauti.