Zindiko la mwembe

Kitindamimba wetu kaamka midomo imemtuna, vipele vimemzunguka kinywa kama aliyelamba uji wa moto. "Baba, jana sikula pilipili." Nikamuuliza ni lini alimenya embe kwa meno. "Juzi."

Hiyo juzi ndiyo iliyonirudisha Isevya.

Mimi na Kulwa tulikuwa darasa la tano. Mwembe ulikuwa wa bibi mmoja mjane, na mtaa mzima wa Tabora tuliokaa ulijua kwamba umezindikwa. Tulijua na sisi. Tukaenda adhuhuri, wazee wamelala. Nikakwea mimi, maana Kulwa ndiye mkubwa, na mkubwa hubaki chini akidaka. Maembe yalikuwa machanga, ya kula na chumvi. Kila nilipovunja kikonyo utomvu uliruka. Nikaufuta kwa mkono, mkono nikaufuta shavuni. Jioni, kimya. Kesho yake, kimya. Tukalicheka zindiko.

Asubuhi ya siku ya tatu nilisikia kuku, nikasikia ufagio wa bibi yetu uani, nikashangaa mbona bado giza. Kumbe macho hayafunguki. Nikajipapasa. Uso haukuwa wangu: wa moto, mzito kama tonge la ugali lililotoka sufuriani sasa hivi, na unawasha kwa ndani kabisa, kucha zisikofika. Shavuni malengelenge yalikuwa yamejipanga mstari, mstari uleule niliopitisha mkono. Jicho la kulia likakubali kufunguka kidogo. Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Akanitazama, akamgeukia Kulwa, uso laini kama yai, akanirudia mimi. Hakuuliza nina nini. Aliuliza, "Mwembe wa nani?"

Tukapelekwa kuomba radhi, na sukari kilo mbili. Yule mjane akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Muogesheni kwa sabuni. Atapona." Zikapita siku kama kumi, ngozi ikabambuka kama gamba la nyoka. Mwembe haukuguswa tena mpaka tunamaliza shule.

Nilipofika chuoni ndipo nilipomjua mchawi wangu. Mwembe ni ukoo mmoja na mkorosho, na aliyewahi kubangua korosho anajua mafuta ya ganda lake yanavyofanya vidole. Utomvu wa embe una kemikali za jamii hiyo, ndogo mno, zinazopenya ngozi na kujibandika kwenye protini zetu. Ndani ya ngozi kuna seli zenye mikono kama pweza. Zinaokota hicho kigeni na kukipeleka kwenye tezi, kukionyesha kwa seli T, walinzi wa mwili. (Paul Langerhans alipoziona mwaka 1868, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alidhani ni za mishipa ya fahamu. Huwa najifariji naye.) Safari ya kwanza huoni kitu: seli T zinajifunza sura tu. Ukigusa tena zinaitwa, lakini hufika taratibu, siku moja hadi tatu. Zikifika zinamwaga kemikali za kuitana, mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvujisha maji, uso unajaa. Yaani walionivimbisha hasa ni walinzi wangu mwenyewe. Wa Kulwa labda hawakuwahi kufundishwa. Au utomvu ulibaki juu na mimi, yeye akadaka embe tupu.

Na yule bibi? Alisema sabuni. Hakutamka zindiko hata mara moja, wala hakulikanusha.

Mtoto nimemwosha, nikampigia Kulwa simu kumweleza yote, seli kwa seli. Akasikiliza kwa utulivu usio wake.

"Kwa hiyo linampata aliyekwea."

"Kwa sababu kikonyo ndicho chenye—"

"Na mara ya kwanza linakusamehe."

"Ni kama linakusamehe, lakini—"

"Likishakujua, halikusahau."

"Ndiyo, seli zina kumbukumbu."

"Doto," akasema, "hilo ni zindiko."