Moto iko chini ya ziwa

Jumapili mdogo wangu alileta mtoto wake wa wiki tatu tumuone, akakaa kwenye kiti cha plastiki pale barazani akaanza kunyonyesha. Kadogo, mtoto wangu, alikuwa anatoka kuchota maji kwa robine, yaani bomba, akasimama mbele yake na bidoni yake ya lita tano mkononi, akaangalia weee, mwisho akauliza kwa upole kabisa: "Tantine, hii ikiisha unaenda kujaza wapi? Kwa robine ao kwa ziwa?"

Mdogo wangu alicheka mpaka mtoto akaachia. Nilicheka nao, lakini kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani kidogo, juu neno lile ziwa, likitoka kwenye mdomo wa Kadogo, haliwezi kupita kwangu hivihivi. Yeye hajui. Alikuwa na miezi saba.

Aliyekuwa anaongea wakati ule ni Mukubwa, mtoto wangu wa kwanza, miaka minne, na swali moja baada ya lingine tangu asubuhi mpaka alale. Sisi watu wazima tumezoea, tunasema ziwa la mama, tunasema Ziwa Kivu, hatuoni shida. Yeye aliona shida. Radio ilikuwa haikosi kusema kanda ya Maziwa Makuu, siku moja akamuuliza papa yake hayo maziwa makuu ni ya nani, na kabla papa yake hajajibu akajijibu mwenyewe: "Ni ya Koko." Koko, bibi yake, amezaa tisa na wote amewanyonyesha, kwa hiyo kwa hesabu ya Mukubwa jibu lilikuwa sawa kabisa, na hakuna mtu aliyemsahihisha, tulimuacha nalo. Sasa ninafikiri tungemsahihisha.

Maana ikafika Jumamosi ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo, ile volkano ya hapa kwetu Goma, ikalipuka jioni, mbingu ikawa nyekundu, tukakimbia usiku, tukarudi asubuhi, lava ilikuwa imesimama kule upande wa Buhene. Wenyeji wa Goma munajua yale yote, sitayarudilia. Halafu zile siku za kutetemeka, ardhi inacheza kila saa, tunalala nje na kikwembe juu ya watoto, maji ya robine yamekatika. Maziwa yangu yakaanza kupungua, ama niliona kama yamepungua, Kadogo anavuta anaacha, anavuta analia. Uji wa soya tulikuwa tumeanza kumpa mwezi uliotangulia tu alipofikisha sita, lakini uji bila maji safi ni hatari, kila mtu alikuwa anaogopa kolera, nikasema hapana, atanyonya tu.

Alhamisi tarehe 27, alfajiri, radio ikatangaza watu wa kartie kumi, mitaa ya Goma, watoke. Mabanga, kartie yetu, ilikuwa ndani. Sababu waliyoitoa ni kwamba magma imeonekana chini ya muji, na inaendelea mpaka chini ya ziwa. Papa yake Mukubwa alikuwa anafunga matela na kamba, akarudia kwa sauti ili nisikie vizuri: "Wanasema moto iko chini ya ziwa." Jirani akasema na gazi iliyomo mule ndani ikishika moto basi tumeisha wote. Mukubwa alikuwa amekaa juu ya valizi anavaa viatu vyake, kimya. Kimya kile nilikiona, nikafikiri ni usingizi.

Tukaingia barabara ya Sake. Watu, watu, watu, chukudu za mbao zimejaa masufuria na mbuzi, motari wa pikipiki wanapiga honi bila sababu. Katindo, Ndosho, tukafika Mugunga jua limeshapanda, Kadogo mgongoni analia ile sauti ya kukauka, nikasema mimi sisongi hata hatua moja kabla huyu hajanyonya. Nikakaa juu ya jiwe la lava pembeni ya barabara, watu wanapita karibu wanikanyage miguu, nikafungua blauzi.

Mukubwa akaruka akaweka mkono katikati. Kiganja chote, vidole vimefunguka, kati ya mdomo wa kaka yake na mimi.

"Usimupe! Ataungua!"

Nikamwambia toa mkono. Hakutoa. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka, akasema, "Papa alisema moto iko chini ya ziwa. Radio pia ilisema."

Nilibaki nimemuangalia. Kilomita zote zile kutoka Mabanga alikuwa anatembea na jambo hilo peke yake, kwamba mama yake amebeba moto kifuani na kaka yake anaulilia, na hakuna mtu mkubwa anayechukua hatua. Sikupata la kusema. Yeye ndiye alipata. Akainama akapuliza, fuu, fuu, vile anavyopuliza uji kwenye sahani, akasubiri, akapuliza tena. Kisha akaweka shavu lake pale kwenye ziwa langu, na vumbi lake na machozi yake, akafunga macho kama muganga anayesikiliza moyo. Ninasikia shavu lile mpaka leo. Watu walikuwa wanapita na mimi sikuwa nawasikia tena.

Akainuka. "Hii ni baridi. Anyonye. Ile ingine sijapima."

Mama mmoja alikuwa amesimama karibu na bahasha ya nguo kichwani, hatujuani, akaangua kicheko kikubwa mpaka ikabidi ashike bahasha na mikono miwili, akasema, "Mutoto wangu, wewe ungetangaza kwa radio!" Motari akacheka, papa wao akacheka huku anajifuta macho, na mimi nikacheka, cha kwanza tangu Jumamosi, na wakati nacheka nikasikia yale maziwa yanashuka, ule mchomo munaoujua wamama, Kadogo akavuta, akapaliwa, akarudi akavuta tena kwa pupa mpaka yakammwagikia shingoni.

Usiku, kwenye kanisa tulikolala Sake, muzee mmoja wa kike aliniambia maziwa hayakuwa yameisha, woga ndio huyazuia yasishuke, niendelee kumuweka mtoto kifuani mara nyingi maana kunyonya kwenyewe ndiko kunayaleta, na ninywe maji hata kama sisikii kiu. Nilifanya vile. Kwa hiyo siwezi kusema ni kicheko, ao ni maji ya yule muzee, ao ni shavu. Tulikaa siku kumi na kitu, tukarudi mwezi wa sita, nyumba ilikuwa imepasuka ukuta mmoja. Ufa uko pale bado, tumeufunika na kalenda.

Basi hiyo Jumapili jioni nikamsimulia Mukubwa, maana sikuwahi. Anakaribia kunifikia mabega sasa, na ana haya ya kusikia neno ziwa mbele ya watu. Nilifikiri atacheka. Alisikiliza anachambua sombe, majani ya muhogo, mkono ukasimama.

"Na ile ingine, Mama? Nilipima?"

Nikamwambia hapana, mustari ulisonga, tulisimama tukaenda.

"Na ulimupa?"

Nikasema nilimupa, usiku, Sake.

Akarudi kwa sombe yake, anatoa majani moja moja. Baadaye kidogo akasema, bila kuniangalia, "Ungeniamusha."