Hii ni ya Jik au si ya Jik?

Nilipoanza kazi ya maabara niliamini Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na kuua vijidudu, inaosha kila kitu mpaka dhambi. Damu imemwagika? Jik. Kopo la makohozi? Jik. Sinki linanuka? Jik. Chuoni tulikaririshwa hesabu yake ikawa kama wimbo: Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, unapata asilimia 0.5, na unachanganya upya kila asubuhi maana ya jana imeshachoka. Hesabu hiyo ni sahihi hadi leo. Kilichokuwa hakijaniingia ni kwamba Jik nayo ni kemikali, na kama wake wenza wengine, haikai nyumba moja na kila mtu.

Ilikuwa Juni, kwenye hospitali ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi huo ukifungua mdomo unatoka mvuke, na madirisha hatufungui. Nilikuwa nimemaliza kupaka rangi slaidi za makohozi za wagonjwa wa kifua kikuu. Chini ya rafu ya kupakia rangi kuna ndoo inayopokea kila kinachotiririka: fuksini nyekundu yenye fenoli, methilini ya bluu, na ile spiriti yenye asidi tunayosuuzia slaidi. Ndoo ilikaribia kujaa. Nikaona nimfanyie wema mwenzangu wa zamu ya usiku, nimwachie ndoo "salama". Nikaimiminia Jik, tena kavu, bila maji.

Povu dogo tu. Kisha harufu kama ya bwawa la kuogelea, halafu ghafla koo kama limepakwa pilipili. Machozi, kikohozi, sioni mlango. Mzee, ndivyo tulivyomwita mkuu wetu wa maabara, alikuwa chumba cha pili anajaza rejista. Hakuuliza. Alinikamata koti kwa nyuma akanivuta nje kama mbuzi aliyeingia shambani, akafunga mlango, akazunguka kufungua madirisha kwa nje.

"Umetengeneza klorini, mwanangu," aliniambia nikiwa nimejikunyata kwenye majani. "Mwaka 1915 Wajerumani waliifungulia mitungi wakaua watu kwenye mahandaki kule Ubelgiji. Wewe unaipika kwenye ndoo ya rangi."

Nilikohoa siku tatu. Tangu siku hiyo masalia ya rangi yana dumu lake lenye kifuniko na maandishi, na Jik inakaa upande wa pili wa chumba.

Kisa cha pili kilitukuta stoo. Wakaguzi walikuwa wanakuja (usafi wa kweli kwetu hufanyika wakaguzi wakiwa njiani), tukaambiwa tupunguze vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilivyoisha muda. Rafu ya juu kabisa, nyuma ya maboksi ya slaidi, kulikuwa na chupa ya kahawia. Lebo imeliwa na mende, limebaki neno moja: Esbach. Zamani, kabla ya vijiti vya mkojo, ndiyo iliyotumika kupima protini kwa mama wajawazito. Ndani yake kuna asidi ya pikriki. Maji yake yalikuwa yamekauka zamani, na kwenye shingo ya chupa, pale kifuniko kinapojizungushia, zilikuwa zimeota chembechembe za njano kama sukari guru.

Mwenzangu alikuwa ameshashika kifuniko.

"Mkono! Toa mkono!" Sikuwahi kumsikia Mzee akipaza sauti hivyo. Asidi ya pikriki ikiwa na maji yake ni mpole. Ikikauka ni ndugu wa baruti. Waingereza waliijaza kwenye makombora ya mizinga, wakaiita lyddite. Ukizungusha kifuniko unasaga zile chembechembe, na huo msuguano unaweza kutosha kuilipua. Tulitoka mmoja mmoja, tukafunga stoo kwa kufuli, tukabandika karatasi mlangoni, na mtaalamu wa kemikali akaitwa kutoka mkoani. Wiki mbili tuliishi na ule mlango. Nilikuwa napita nikinyata, kana kwamba chupa ina masikio.

Chupa jirani yake ilikuwa ya Drabkin, tuliyokuwa tukipimia wingi wa damu. Hiyo ina sianidi, na mtu akiimwaga kwenye sinki lililotoka kumwagiwa asidi, gesi itakayopanda si ya kukohoa siku tatu. Ni ya kuzikwa. Rafu moja, chupa mbili, na sisi wote tulikuwa tunaingia humo kutafuta pamba.

Lakini nikiulizwa hofu yangu kubwa ni ipi, sitaji chupa. Nitataja mfuko mweusi.

Mweusi ni wa karatasi na maganda ya ndizi, wa njano ni wa vilivyogusa damu, mwekundu ni wa vile vya hatari zaidi, na sindano zinaingia kwenye sefti boksi, ambalo likifika robo tatu unalifunga. Kila mfanyakazi anajua. Sasa kuna asubuhi mama wetu wa usafi alibeba mfuko mweusi, ukamgonga pajani, akasimama. Alipoinua gauni kulikuwa na tone la damu. Ndani ya mfuko, kati ya karatasi, ilikuwapo lanseti ya kutobolea kidole. Nani aliitupa humo? Zamu iliyopita tulikuwa wawili, na ningependa kuapa kwamba si mimi. Siwezi.

Alipelekwa kuanzishiwa dawa za kinga siku hiyo hiyo. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na unazimeza siku 28. Zilimtapisha vibaya. Watu wote walikuwa wanaulizia VVU, ambavyo kwa sindano yenye damu iliyoathirika hatari yake ni kama watu 3 kwa 1,000. Mimi nilikuwa nawaza homa ya ini aina ya B, ambayo kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30 kwa 100. Nikamuuliza, mama, umechanjwa? Akanitazama. "Dokta, chanjo si zenu nyie wa makoti?"

Mimi si daktari, ila kwake kila mwenye koti jeupe ni dokta. Na alisema kweli. Semina ya usalama hualikwa sisi, tunakaa hotelini, tunakula kuku, tunasaini posho. Yeye ameajiriwa na mzabuni, jina lake halimo kwenye orodha yoyote, na ndiye anayebeba mifuko yote tuliyojifunza rangi zake. Majibu yake yalitoka salama, na chanjo tulimpigania akapata dozi zote tatu. Bado nikiona mfuko mweusi umevimba naubonyeza kwa koleo kwanza.

Siku hizi tuna mashine za katriji, za kupima wingi wa virusi. Nzuri mno, hazichafui meza. Ila katriji iliyotumika ina kemikali iitwayo guanidini thayosianeti, na hii ikikutana na Jik inatoa gesi za jamii ya sianidi. Otoklevu, lile sufuria la kuua vijidudu kwa mvuke, nayo haifai, unaipasha moto ikuchemkie. Inatakiwa tanuri lenye moto mkali kweli, na letu ni lile la matofali la vyumba viwili ambalo likipata joto vizuri chumba cha pili kinatakiwa kipite nyuzi 850. Likipata. Kuni zikiwa mbichi moshi unatoka mweusi, na moshi mweusi maana yake hujachoma, umehamishia taka kwa majirani. Kwa hiyo katriji zetu zinasubiri kwenye maboksi zipelekwe tanuri kubwa mjini, na gari linakuja likipata mafuta.

Wiki iliyopita kumeletwa kitendanishi kipya cha mashine ya damu. Jioni mama wa usafi akaja na ndoo yake, akasimama kwenye chupa ya maji machafu ya ile mashine.

"Dokta, hii ni ya Jik au si ya Jik?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikagundua sijui. Tukatafuta karatasi ya usalama ndani ya boksi, tukaikuta imekunjwa chini kabisa, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Nikakaa sakafuni nikaisoma mstari kwa mstari, yeye ameegemea fagio. Ina kemikali ya azidi ya sodiamu kidogo, ambayo ikijikusanya kwenye mabomba ya shaba au ya risasi inaweza kulipuka. Jik hapana. Sinkini hapana.

"Haya," akasema, akinipa kalamu nene kutoka mfukoni mwa aproni yake, "andika hapo kwenye chupa. Herufi kubwa, na kwa Kiswahili."