Nilichora zebra mbele ya geti la lori

Juzi mdogo wangu, yuko mwaka wa pili wa usanifu majengo, ananionyesha dodoso la kurasa sita. Studio yao imepewa shule ya msingi na mtaa wake, wachore barabara salama. Dodoso! Na sisi, enzi zetu chuoni tulipopewa mradi kama huo, tuliambiwa hivyohivyo: "Anzeni na dodoso." Walimu walilijaza huku wanasahihisha madaftari, wazazi wakatiki "ndiyo" kuanzia juu mpaka chini. Tukarudi chuoni na rundo la karatasi, kichwani hamna kitu.

Shule tuliyopewa sisi iko Temeke, kwenye lami nyembamba ya mtaani, mtaro wazi upande mmoja, njia ya miguu hakuna. Wanafunzi wanasoma kwa awamu mbili, kwa hiyo mchana wanaotoka wanapishana na wanaoingia, na bajaji zinapenya humohumo.

Mimi ndiye nilikuwa fundi wa kompyuta wa kundi. Wiki tatu silali, natengeneza picha: miti, mabenchi, zebra nyeupee mbele ya geti kubwa, mpaka mtoto ameshika puto. Siku ya kikao cha wazazi nikabandika ukutani, makofi yakapigwa, mwenyekiti wa mtaa akanishika mkono. Kisha mama anayeuza ubuyu pale nje akasimama.

"Mwanangu, umechora vizuri. Ila hilo ni geti la lori la mchanga. Watoto wanatokea huku," akanyoosha kidole kwenye uchochoro wa nyuma ya vyoo.

Wenzangu wananiita Injinia Geti hadi leo.

Tukaamua kufuata miguu ya watoto yenyewe. Wazo lilikuwa langu, na hapa najisifu: mwaga unga kwenye sehemu zote za kutokea kabla ya kengele, watoto waukanyage, nyayo zitajichora zenyewe kwenye lami. Siku ya kwanza tulitumia sembe. Kuku wa jirani walifika kabla ya watoto, na bibi mmoja akatutukana kwa kuchezea chakula. Siku ya pili tukaja na chokaa. Mwalimu wa zamu akatufukuza, inaunguza macho, na alikuwa na haki. Siku ya tatu tukaomba majivu kwa mama lishe, bure, tukayachekecha na kuyamwaga. Kengele ikalia. Mmoja wetu alikuwa juu ya ghorofa la jirani na simu, na picha aliyopiga bado ninayo: nyayo za kijivu mamia zinatoka uchochoroni, zinakata barabara kimshazari moja kwa moja hadi kwenye meza ya ubuyu, halafu zinafuata ukingo wa mtaro. Pale kwenye zebra yangu, alipita mbuzi.

Mwendo wa pikipiki na magari tulipima kwa mita 25 na saa ya simu. Tulitaka wasizidi kilomita 30 kwa saa. Hiyo ni kama mita 8 na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo anayemaliza mita 25 kabla ya sekunde tatu kuisha amezidi 30. Darasa la tano walielewa haraka kuliko sisi. Wakapanga mstari ukutani, wanahesabu kwa sauti, "Mojaaa, mbiliii..." bodaboda ameshapita, wanamzomea. Siku ya pili vijana wa kijiweni wakaja wenyewe kuomba wapimwe tena. Sheria inaruhusu 50 kwenye makazi, lakini nani anataka kuzomewa na watoto?

Ushauri mwingine mbovu: "Wekeni tuta tu, mmemaliza." Barabara ya mtaa iko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tuta huliweki na wajomba zako Jumamosi. Barua ipitie serikali ya mtaa, mwalimu mkuu asaini, na uambatanishe picha. Picha yetu ya majivu ilifanya kazi kuliko ukurasa wowote niliowahi kuandika. Na usidhani lazima ubuni jambo kubwa: SARSAI, mradi wa usalama barabarani kwenye maeneo ya shule wa shirika la Amend, ulioanzia hapahapa Dar, ulipata tuzo ya miji ya taasisi ya utafiti ya kimataifa WRI mwaka 2019 kwa matuta, njia za miguu na vitu vya aina hiyo.

Sisi tuliongeza matairi chakavu ya kutenganisha watoto na magari. Ya kwanza tuliyaweka juujuu, usiku mmoja yakahama. Tuliyakuta kijiweni yamekuwa viti. Ya pili tukayafukia nusu na kujaza zege. Jumla tulitumia kama laki mbili na ushee, nyingi nauli na soda.

Matuta mawili yalijengwa baada ya masika. Zebra imehamia mkabala na uchochoro, rangi nimepaka kwa mkono wangu. Mama wa ubuyu ameongeza meza ya pili.