Mashine inasema sukari iko juu, HbA1c inasema niko vizuri: nilivyopata jibu

Hii naandika kwa wale wenye sukari ambao mashine ya nyumbani inasema hivi na karatasi ya maabara inasema vile, maana mimi imenisumbua muda mrefu. Nina kisukari cha aina ya pili, natumia metformini. Asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni napata 8 au 9 (mmol/L), saa mbili baada ya ugali inagonga 12. Lakini nikipima HbA1c, kile kipimo cha miezi mitatu, inakuja asilimia 6.7. Nesi kliniki ananipongeza, ati mzee uko chini ya 7, hongera, hiyo mashine yako ndo mbovu. Nikanunua stripu mpya, nikaazima mashine ya jirani, majibu yale yale!

Na miguu ilishaanza kuwaka moto usiku. Nikasema hapana, hapa kuna kitu. Nikachukua daftari nikawa naandika namba zote, asubuhi, baada ya kula, kabla ya kulala, na nilichokula pembeni, alafu nikaenda nalo kwa dokta mwingine. Huyu alilipitia kwa kidole mstari kwa mstari, akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea kabisa: mzee wangu, ushawahi kukojoa mkojo mweusi ukiwa unaumwa? Nikamwambia ndio, ujanani, nilipewa dawa za malaria mkojo ukatoka rangi ya soda nyeusi na macho yakawa njano. Akaniandikia kipimo cha G6PD.

Kumbe G6PD ni kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu zisiharibike, na changu kiko chini tangu nazaliwa, ni mambo ya jeni. Sehemu zenye malaria upungufu huu upo sana tu. Sasa HbA1c inapima sukari iliyonata kwenye hemoglobini, ile protini nyekundu ndani ya seli za damu, na seli ya kawaida inaishi kama siku 120, ya kwangu inakufa mapema kwa hiyo sukari haipati muda wa kunata vya kutosha, namba inatoka ndogo wakati sukari yenyewe inapanda. Dokta akanipigia hesabu: 6.7 ni wastani wa 8 hivi kwenye mashine, daftari langu lilikuwa linakaribia 10. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2017 ukaonyesha wanaume Wamarekani weusi wenye jeni hii HbA1c yao inasoma chini kwa karibu 0.8, yani mtu anaweza kuwa na kisukari na kipimo kisimkamate.

Tulichofanya sasa. HbA1c tumeiacha kama kigezo, tunafuata daftari, na ikipatikana hela napima fruktosamini, ambayo inaangalia protini za damu kwa wiki mbili tatu za nyuma, haihusiani na umri wa seli nyekundu. Shida haipo kila maabara na bei imechangamka. Dawa ya pili aliniongezea lakini glibenklamidi akairuka, anasema kundi lile la dawa za sukari linataka tahadhari kwa watu kama sisi. Primakwini (ya malaria) na dapsoni (ya ukoma), dawa zinazoweza kuvunja seli nyekundu za watu kama sisi, nimeziandika kwenye kikaratasi kipo kwenye waleti, kila duka la dawa nakitoa hata wakinicheka. Na ukitaka kupima G6PD usikimbilie wakati damu imetoka kuharibika, seli changa zina kimeng'enya kingi, jibu linaweza kukudanganya uko sawa, subiri miezi kadhaa.

Jeni yenyewe inakaa kwenye kromosomu X, kwa hiyo mimi niliitoa kwa mama. Vijana wangu wa kiume hawaipati kwangu ila mabinti wote wanaibeba. Mdogo wangu wa tumbo moja naye ana sukari na kila siku ananitambia HbA1c yake nzuri, nimemwambia anunue daftari kwanza ndo tuongee.