Mimi na Manila, wenzangu na Kinshasa

Kila mazungumzo ya kijiweni yanapoingia kwenye ndondi, na kwenye swali la pambano lipi la Muhammad Ali lilikuwa bora zaidi, wenzangu huanza na Kinshasa, nami hubaki peke yangu upande wa Manila. Sababu yao naielewa. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman la tarehe 30 Oktoba 1974 lilipiganwa barani kwetu, kabla ya mapambazuko, huku uwanja mzima ukiimba kwa Kilingala «Ali, boma ye», yaani «Ali, muue», na Foreman, bingwa ambaye hakuwa amewahi kushindwa, akaangushwa katika raundi ya 8 na mtu aliyeegemea kamba akimwacha ajichoshe kwa ngumi zake mwenyewe. Ni kisa kitamu. Hata hivyo, wawili hao walikutana ulingoni mara moja tu, na kwangu mimi watu waliopigana mara moja si mahasimu.

Joe Frazier, aliyepigana na Ali mara 3, ya mwisho kule Manila, ni habari nyingine. Ali alipopokonywa leseni mwaka 1967 kwa kukataa kwenda jeshini, Frazier alimtetea arudishiwe, na hata fedha alimpa. Malipo aliyoyapata ni kuitwa sokwe mbele ya waandishi wa habari, jambo ambalo sisi tunaompenda Ali hulipitia haraka mno. Walipokutana New York tarehe 8 Machi 1971, wote wawili wakiwa hawajapoteza pambano, konde la kushoto la Frazier lilimlaza Ali chini katika raundi ya 15, na majaji wote wakampa Frazier ushindi. La pili, la Januari 1974, Ali alishinda kwa pointi. Halina mengi ya kusimulia.

La tatu lilikuwa asubuhi ya tarehe 1 Oktoba 1975, katika ukumbi wenye joto kali huko Quezon City, jirani na Manila. Ali alitamba mwanzoni, Frazier akamrudi raundi za katikati kwa kumchapa mbavuni, kisha Ali akafufuka tena. Jicho moja la Frazier lilikuwa bovu tangu zamani, kwa hiyo lile zima lilipovimba akawa anapigwa na ngumi asizoziona. Raundi ya 14 ilipokwisha, kocha wake, Eddie Futch, alikataa kumrudisha ulingoni, ingawa mwenyewe alitaka kuendelea.

Mwenzangu mmoja hunikumbusha kwamba Foreman alimwangusha Frazier huyohuyo mara 6 ndani ya raundi 2 kule Kingston, Januari 1973, hivyo kumshinda Foreman ni kazi kubwa zaidi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inajibu swali la bondia yupi alikuwa hatari zaidi, wala si pambano lipi lilikuwa bora. Kule Manila, Ali alisema baadaye, alihisi amekaribia kufa. Aliinuka kitini kama mshindi, kisha miguu ikamlegea, akaanguka hapohapo ulingoni.